Kabla hamjanunua vitanda

Pasua, Moshi

Kaka yangu,

Bwana Yesu asifiwe. Shemeji na watoto wanaendeleaje? Huku wazima, mvua zimeanza, barabara ya kwetu ishakuwa tope tupu ila mahindi yanapendeza.

Nimeusoma ujumbe wako wa ile nyumba ambayo usharika wenu unataka kuwafungulia machalii wanaolala stendi na pale sokoni Kilombero hapo Arusha, na nimefurahi sana yani, mana hao watoto watu wanawapita kila siku wamejifunika viroba kwenye baraza za maduka wanawaona kama sehemu ya mji tu. Umeniuliza vitanda vya dabodeka vya nyumba yetu ya vijana huku Moshi tulichomelesha wapi na bei gani. Kaka, vitanda fundi yeyote wa kuchomelea hapo Unga Ltd atakutengenezea. Mimi nakuuliza wewe, nani atalala humo ndani usiku na hao vijana? Sio mlinzi, namaanisha mtu mzima ambaye saa nane usiku chalii akishtuka usingizini anapiga kelele yeye ndio anaamka, na kesho yake yupo, na mwakani bado yupo. Kama huyo mtu hamjampata basi hela ya mnada wa Jumapili iacheni ikae benki kwanza.

Nasema hivi kwa sababu kijana wa miaka 14 au 15 sio sawa na mtoto wa miaka 6. Mtoto mdogo kila mtu anamwonea huruma, wageni wanakuja na biskuti, wanampakata, wanapiga picha. Huyu sauti ishakuwa nzito, ananuka gundi, anakujibu mkato, akisimama dukani muuzaji anaficha simu, na siku kitu kikiibiwa mtaani anapigwa kwanza ndio aulizwe. Ukikaa naye ukamsikiliza unakuta baba alifariki mama akaolewa kwingine na baba wa kambo hamtaki, au alilelewa na bibi na bibi kashafariki, au nyumbani ni pombe na kipigo tu. Na huku kwetu mlimani Kilimanjaro kuna hili la kihamba, shamba la ukoo, wewe Mchaga mwenzangu unalijua, mtoto wa kwanza na wa mwisho ndio wanaoangaliwa, wa katikati ajitafutie, zamani alipewa eneo huko pembeni akafungua lake ila saivi mlima umejaa hamna pa kumpa, sasa baba akiwa hayupo nani atamsemea? Anashuka mjini anabeba mizigo Mbuyuni, anapiga debe stendi, wengine wanasikia habari za tanzanite wanaenda kujaribu Mirerani. Shule inakuwa ishamwacha. Ada imefutwa mpaka kidato cha nne tangu 2016 lakini sare, madaftari na viatu lazima awepo mtu wa kununua, na wa kumwamsha asubuhi.

Mtoto kama huyo kashaachwa na watu wazima wengi. Ukimleta kwenye jengo zuri lenye walezi wanaobadilika kila baada ya muda mfupi, mara mwanafunzi wa chuo yuko fildi, mara mgeni wa kujitolea kaja na gitaa kaondoka, anaona ni yale yale aliyoyakimbia nyumbani. Ndio mana wengi wanakula wanaoga wanalala siku chache alafu wanarudi stendi, na kanisani watu wanakasirika wanasema hawana shukrani. Mimi siwalaumu kabisa. Stendi kuna wenzao ambao hawaondoki.

Juzi nilikuwa namsimulia mchungaji wetu habari za Don Bosco, yule padre wa Turin kule Italia. Tangu 1841 alikuwa anawakusanya vijana waliokuja mjini kutafuta vibarua, wengine alikutana nao gerezani na iliumiza sana moyo wake. Kuna usiku aliwapa baadhi sehemu ya kulala kwenye nyasi kavu, asubuhi akakuta wameondoka na mablanketi. Hakukoma. Mwaka 1847 kijana mmoja yatima akaja mvua inanyesha, na mama yake Don Bosco, Mama Margherita, mjane wa kijijini aliyeacha kwake akaja kuishi na mwanae kwenye hiyo kazi, akamlisha, akamtandikia jikoni, na kabla hajalala akampa maneno machache ya kumcha Mungu na kufanya kazi. Wasalesiani ambao leo wako mpaka hapa Tanzania na vyuo vyao vya ufundi walitokea kwenye kazi hiyo. Padre Flanagan naye, wa Boys Town kule Omaha Marekani, 1917 alikopa dola 90 akapanga nyumba, akaanza na vijana watano. Hao ni Wakatoliki na sisi ni Walutheri wa KKKT lakini walilielewa hili mapema, na nyie mnataka muanze na vitanda arobaini!

Anzeni na vijana wanne watano, nyumba ya kupanga ya kawaida mtaani, mke na mume waliokomaa waishi humo. Alafu kila kijana awe na mwanaume mmoja wa usharika anayekutana naye kila wiki bila kukosa, na asiwe mtu wa kumhubiria hubiria. Kwetu kuna mzee wa kanisa fundi magari, kila Jumamosi chalii wake anashinda naye gereji, wanaongea breki na klachi basi, ukiwasikiliza unaweza kudhani hamna malezi yoyote pale. Kuna usiku huyo chalii alitaka kutoroka, na aliyempigia simu ni huyo mzee.

Kuhusu ibada, tunasoma neno fupi asubuhi na jioni tunaimba, anayetaka kuomba anaomba. Chakula na kitanda havitegemei sala, mtu akikaa kimya miezi na akae. Tunaye kijana ambaye kwao ni Ugweno, Mwislamu, Ijumaa anaenda msikitini na Ramadhani mama wa nyumba anaamka kumpashia daku. Kuna wazee walihoji. Mimi niliwasomea Isaya 58, inasema kuwaleta maskini waliotupwa nje nyumbani kwako, sijaona mahali panaposema waulizwe dini mlangoni.

Alafu naomba sana msifungue kimya kimya. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni yeyote chini ya miaka 18, na makao ya watoto lazima yawe na leseni, kwaio muanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, yeye ndio atawaambia kinachohitajika na ndio mwenye kusema mtoto gani akae wapi. Kila mlezi alete hati ya tabia njema ya polisi hata kama ni mzee wa kanisa mnayemheshimu. Mtu mzima asijifungie chumbani na kijana mmoja, hata kwa maombi, yani hata kwa maombi. Na ile namba 116 ya kuripoti ukatili kwa mtoto ibandikeni ukutani mahali wao wanaiona. Watoto wameumizwa kwenye nyumba zenye jina la Mungu, na wavulana mara nyingi hawasemi, wanaona aibu.

Mwezi mgumu kwetu ni Desemba. Wachaga wote wanapanda mlimani, magari ya Dar yamejaa, kila kihamba wanachinja, na chalii yuko huku chini. Kwaio kuanzia mwezi wa sita tunatafuta ndugu, shangazi, mjomba, baba mdogo, na afisa ustawi akikubali mlezi anapanda naye Kibosho au Rombo wanakaa kikao na ukoo. Wengine wanarudi kwao kabisa na hilo ndio tunaloliomba. Wengine wanaishia kulala huko Krismasi tu, sio kidogo hiyo. Na karatasi msizisahau, cheti cha kuzaliwa cha RITA kianze kutafutwa siku za mwanzo, mana akifika 18 bila cheti kupata namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, ni shida, na bila NIDA hata laini ya simu hasajili kwa jina lake. Wenye akili ya mikono tunawapeleka chuo cha ufundi VETA, aliyeacha sekondari anaweza kurudi kwa njia ya QT, ule mtihani wa maarifa.

Njoo Jumamosi ijayo na mchungaji wenu na yeyote wa kamati, mlale. Mkae na mama wa nyumba mumuulize yeye, anajua kuliko mimi. Shemeji naye aje, mana nilivyosoma ujumbe wako nimehisi mnafikiria kuwa nyie ndio mhamie humo, na kama ni hivyo yeye ndio mwenye maswali mengi. Nijibu kabla ya Alhamisi mama aloweke makande ya kutosha.

Ndugu yako wa Pasua