Barua ya wazi: Mheshimiwa, daftari letu liko wapi?

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya michezo,

KUH: Mabondia wastaafu, na mwenzangu aliyelala korokoroni kwa kosa la kuyumba

Pokea salamu zangu za heshima. Jina lako sitalitaja, maana kiti chako kimekaliwa na wengine kabla yako, na ahadi tulizopewa si zako peke yako. Lakini ile ya makaburini ni yako. Ukisoma utaikumbuka.

Mimi ni bondia mstaafu. Nina miaka 61, naishi Kaloleni, na usiku nalinda ghala moja huku Eneo la Viwanda. Nilipigana ndondi za ridhaa miaka saba, za kulipwa miaka kumi na mmoja. Naandikiwa na binti yangu kwa sababu jicho langu la kulia haliniruhusu tena kuandika mstari ukanyooka. Maneno ni yangu.

Jumanne iliyopita jioni, mwenzangu alipanda matatu pale Muthurwa kwenda Dandora, anakokaa na bintiye. Jina lake silitaji kwa sababu watoto wake wameniomba. Ukiwahi kuhudhuria ndondi za kulipwa hapa Nairobi miaka ya tisini, ulimwona: bondia wa mkono wa kushoto, mwembamba, anacheka hata akipigwa. Siku hizi ulimi wake umekuwa mzito. Mguu mmoja anaukokota. Kondakta alimdai nauli, akampa. Kondakta alipopita tena, mwenzangu akadhani anadaiwa upya, akaanza kueleza, na maneno yakatoka yamevurugika. Abiria mmoja akasema mzee amelewa. Wengine wakacheka. Akashushwa Barabara ya Jogoo, giza linaingia, akaanguka kando ya mtaro. Askari wa doria wakamwokota kama mlevi.

Huyu ni Mwislamu aliyelelewa Majengo, Pumwani. Pombe haijawahi kupita kooni mwake.

Bintiye alinipigia saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa natoka zamu. Nilipofika kituoni nilimkuta amekaa sakafuni, ameng'oa kipande cha kitambaa kwenye upindo wa shati lake, anafunga mkono. Kifundo mara tatu, kiganja, katikati ya vidole kimoja baada ya kingine, halafu anarudi kifundoni. Alifunga bila kosa, jinsi kocha wetu alivyotufundisha zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Akaniangalia, akauliza tunapanda ulingoni saa ngapi. Jina la mjukuu wake limemtoka, Mheshimiwa. Kufunga bandeji hakujamtoka.

Askari aliyekuwa zamu ni kijana wa umri wa mwanangu. Nilipomweleza alisikitika kweli, akamtafutia chai. Kisha akaniuliza: "Mzee, mimi ningejuaje?" Nimelibeba swali hilo wiki nzima. Angejuaje? Mwenzangu hana kadi, hana cheti, hana karatasi ya daktari inayosema huyu mtu haendi hivi kwa kupenda. Hana chochote mfukoni kinachoonyesha kwamba aliwahi kusimama mahali wimbo wa taifa ukipigwa kwa ajili yake.

Kumbe ingejulikana. Binti yangu amenisomea kwamba mwaka 1928 huko Marekani daktari aitwaye Harrison Martland aliandika kuhusu mabondia wanaotembea kama walevi bila kulewa. Karibu miaka mia moja iliyopita! Madaktari waliofuata wakaeleza zaidi. Si lazima mtu awe alilazwa kwa nokauti. Makonde madogo madogo, ya kila siku, ya mazoezini, yanajikusanya kichwani, na ubongo unaharibika polepole, miaka mingi baada ya glavu kutundikwa. Kusahau, hasira za ghafla, huzuni, mkono kutetemeka, ulimi kuteleza. Mnamo 1996 dunia nzima ilimwona Muhammad Ali akiwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta huku mkono ukimtetemeka, na watu wakasimama wakalia. Wa kwetu akitetemeka, anashushwa kwenye matatu.

Sasa nirudi kwenye makaburi ya Lang'ata. Ni miezi kumi na sita sasa. Tulikuwa tukimzika bingwa wa zamani aliyekufa ndani ya chumba cha mabati, kwa mchango tulioukusanya kwa simu, mia mia, hamsini hamsini. Kengele ilipigwa mara kumi, kama ilivyo desturi yetu. Ulivua kofia. Ulipopewa nafasi ulisema kwamba huyo ndiye wa mwisho kuzikwa kwa mchango, na kwamba kabla hujaondoka pale utataka majina yetu. Kijana wako akatoa daftari la kurasa 96, jalada la samawati, akaliweka juu ya boneti ya gari, nasi tukapanga foleni kati ya makaburi. Jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, mwaka wa pigano la mwisho, ugonjwa. Tuliandikwa watu 41. Mimi ni wa 17. Mwenzangu ni wa nne, nilimshika mkono akitaja nambari ya bintiye.

Tangu siku hiyo, sita kati ya hao 41 tumewazika. Kwa mchango.

Nimekuja ofisini kwako mara tano. Natoka zamu, naoga kwa jirani aliye na maji, navaa koti, napanda. Naambiwa jambo letu linafanyiwa kazi. Mara ya tano niliuliza tu kama naweza kuliona daftari, nilione kwa macho, na kijana wa mapokezi akaniuliza daftari gani. Nilishuka ngazi nikiwa nimeshika ukuta.

Sijui tatizo ni nini. Nimekaa usiku nikifikiri. Labda ni kwa sababu mbio ndizo zinazoleta medali siku hizi na ndondi imelala. Labda kila anayeingia ofisini anaanza upya na ya mwenzake anayaweka kando. Labda mnatuona watu wa fujo, kwamba tulijitakia. Kama ni hilo la mwisho, naomba nikukumbushe machache.

Medali ya dhahabu pekee ambayo Kenya imewahi kupata kwenye Olimpiki nje ya riadha ni ya ndondi. Robert Wangila Napunyi, Seoul, 1988. Nilikuwa kijana, tumebanana watu kumi na wanane kwenye chumba kimoja kusikiliza redio, na alipomwangusha Mfaransa katika raundi ya pili, mama mwenye nyumba alitoka nje akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Miaka sita baadaye, Julai 1994, Wangila alipigana Las Vegas, refa akasimamisha pigano, yeye akalalamika kwamba bado anaweza. Alianguka kwenye chumba cha kuvalia na hakuamka tena. Alikuwa na miaka 26. Kabla yake kulikuwa na Philip Waruinge, shaba ya Olimpiki ya 1968 na fedha ya 1972, ambaye kule Mexico, mwaka huo wa 1968, alipewa tuzo ya bondia bora wa mashindano yote ingawa hakupata dhahabu. Kulikuwa na Stephen Muchoki, bingwa wa dunia wa ridhaa, Belgrade, 1978. Bendera ilipandishwa kwa ngumi za watu hawa. Hatukuwa wahuni.

Na jambo moja nadhani hamlielewi vizuri, nalo ndilo kiini cha umaskini wetu. Bondia wa ridhaa enzi zetu alikuwa mwajiriwa. Alipigania Polisi, Magereza, Jeshi, au shirika fulani, na hata akipigwa vibaya, Jumatatu alikuwa na kazi, na uzeeni ana pensheni. Ukienda ndondi za kulipwa unaviacha vyote hivyo. Mimi niliacha kazi ya ukarani. Siku niliyovua fulana ya ridhaa nilivua na NSSF, ile akiba ya uzeeni. Kuanzia hapo wewe si mfanyakazi wa mtu yeyote. Promota anakulipa pigano hili, kocha anakata chake, meneja anakata chake, na ukitoka ulingoni umepasuka nyusi, ile sindano ya kushona ni juu yako. Pigano langu kubwa kuliko yote, raundi kumi, nilibaki na shilingi 14,000. Nililipa kodi ya nyumba na daktari wa macho. Zikaisha.

Utaniambia kuna fedha za wazee. Zipo, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa aliyefikisha miaka 70. Mwenzangu ana 58. Kichwa cha bondia hakingoji miaka 70. Utaniambia kuna bima mpya ya afya. Ipo, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, nami najitahidi kulipa. Lakini mtu asiyekumbuka kama amekula atakumbuka vipi kulipa? Bintiye anauza mboga na ana watoto watatu.

Binti yangu alinitafutia habari za wenzetu. Huko California, tangu mwaka 1982, kuna mfuko wa pensheni ya mabondia wa kulipwa. Kwenye kila tiketi ya pigano wanakata senti 88 za dola. Bondia aliyetimiza raundi 75 bila kukaa nje muda mrefu, akifika miaka 50, anaanza kudai chake. Nilipomaliza kusikia nilichukua kalamu nikahesabu raundi zangu za kulipwa kwenye ukuta wa kibanda cha ulinzi. Zilifika 212. Nilizihesabu mara mbili.

Hapa kwetu mngeshindwa kukata shilingi kumi kwenye tiketi? Tangu 2018 nchi ina Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, na sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na kodi za kamari. Watu wanabashiri mapigano usiku kucha kwenye simu zao. Katika kodi hiyo, hakuna hata senti moja inayoweza kumfikia aliyepigwa?

Nilianza barua hii nikiwa na mambo mengi ya kuomba. Mfuko wa tiketi. Bima inayolipwa na mwenye pigano. Kadi yenye picha, ili askari kijana asipate tena sababu ya kuuliza angejuaje. Kazi za kufundisha watoto katika kumbi za mitaa, Pumwani, Jericho, hapa Kaloleni, kwa sababu tunajua kufundisha na wengi wetu hatuhitaji zaidi ya hapo ili tuamke asubuhi kama wanaume wengine. Hayo yote bado nayaomba. Binti ameyaandika na sitamwambia ayafute.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu, na leo nalisema mbele ya wote.

Kwa miaka minane, mimi ndiye niliyekuwa nikifanya naye mazoezi ya kupigana. Siku tano kwa wiki. Mimi nilikuwa mzito kumshinda kwa kilo sita, na kocha alitaka azoee uzito. Nilimpiga kichwani mara ngapi? Hakuna anayejua. Zaidi ya wapinzani wake wote wakijumlishwa. Na kila mara alicheka, akapangusa pua kwa kiganja cha glavu, akaniambia "ongeza, ndugu yangu." Niliongeza. Hatukujua. Kocha hakujua. Hakuna daktari aliyewahi kuja mazoezini kutuambia. Sasa namwona sakafuni kituoni anafunga mkono, ananiuliza tunapanda saa ngapi, na ninajua baadhi ya kilichomharibu kilitoka kwenye ngumi hii ninayoitazama sasa.

Nimempeleka hospitali moja ya umma. Daktari, mtu mwema, alisema anahitaji kupigwa picha ya ubongo na kuonwa na mtaalamu wa mishipa ya fahamu. Niliuliza bei ya picha. Inazidi mshahara wangu wa mwezi. Nimeweka akiba shilingi 3,200, na wiki hii mia nane zimetoka kwa dawa zake za usingizi.

Mimi mwenyewe mwezi uliopita nilisimama mbele ya lango la ghala nikiwa na funguo mkononi, nisijue ipi ni ya lango. Nilisimama kama dakika kumi. Sikumwambia bosi. Binti yangu ameacha kuandika kidogo sasa hivi, ananitazama, kwa sababu na yeye hakuwa amelijua hili. Mwanangu, endelea kuandika.

Mheshimiwa, fungua daftari. Kama limepotea, mimi nayakumbuka majina 41 yote, na walio hai nitakuletea mpaka mlangoni. Wa nne ni huyu. Mpimeni kichwa. Mpigeni hiyo picha, apewe daktari wa kumwangalia, apewe karatasi ya kubeba mfukoni. Mimi wa 17 naweza kungoja. Yeye hawezi. Mpimeni kichwa wiki hii. Ukitaka kumpata, nambari ya bintiye iko pale pale kwenye mstari wake, na simu huwa anaiweka juu ya meza ya mboga mchana kutwa.

Wako mtiifu,
Bondia mstaafu, nambari 17
Kaloleni, Nairobi