Kabla Hujalifumua Lile Sweta

Mwanjelwa, Mbeya
Jumapili jioni

Mama Tumaini mwenzangu,

Kamwene! Huku hatujambo, ila Julai imetukamata. Asubuhi naanza kwa kupasha vidole kwenye kikombe cha chai, ndipo niweze kutunga uzi kwenye sindano. Najua utanicheka, maana anayeishi Njombe hawezi kuhadithiwa baridi na mtu wa Mbeya.

Picha za zile nembo ulizotarizi kwa mashine kwenye masweta zikakunjamana nimezipata. Nimezikuza kwenye simu mpaka nikahesabu mishono, na ndiyo sababu naandika usiku huu bila kungoja kesho: weka huo wembe chini. Usilifumue lile sweta. Nembo ikishashonwa juu ya sweta, uzi wake unakuwa umepita katikati ya vitanzi vya ufumaji, na ukianza kuukwangua utakata na uzi wa sweta lenyewe. Kitanzi kimoja kikiachia, tundu linakimbia mpaka chini, na hapo utakuwa unalipa sweta zima badala ya kusikiliza lawama za nembo tu.

Mashine nayo usiiuze. Umeandika kwa uchungu kwamba umeuziwa kitu kibovu, lakini mimi ile picha ya upande wa nyuma ndiyo niliyoitazama zaidi. Kwenye zile herufi nene, uzi mweupe wa bobini, yaani uzi wa chini, unaonekana katikati, kama theluthi moja ya upana, na uzi wa juu umejitokeza pande zote mbili. Ndivyo inavyotakiwa. Tensheni yako, yaani mkazo wa nyuzi, haina neno. Kasoro niliiona pembeni kidogo, pale palipobaki kipande cha karatasi chenye maandishi. Mama Tumaini, umewekea gazeti chini ya sweta! Nimesoma hata bei ya mbolea.

Sikucheki. Mimi nilianza na karatasi ya mfuko wa saruji. Niliambiwa ni ngumu, itashika, nami nikaamini. Nilikuwa nimepokea masweta 30 ya shule moja, Januari, wiki ile ambayo kila mzazi anataka nguo jana. Nembo ya kwanza ilipomalizika ikiwa bado ndani ya fremu inayobana kitambaa, nilimwita binti yangu aje aone: duara limekaa kama limechorwa kwa bikari, kitabu katikati, mwenge juu yake. Nikalegeza skrubu ya fremu. Ukweli ni kwamba nilikiona kitendo chenyewe kikitokea mbele ya macho yangu. Sweta likashusha pumzi, likarudi kwenye ukubwa wake, na ile nembo ikabaki pale pale ilipo kwa sababu imeshashikwa na mishono maelfu. Kuzunguka duara pakajikunja kunyanzikunyanzi kama utando wa juu ya maziwa yaliyopoa. Duara lenyewe likawa yai. Nilipiga pasi, nikapiga na mvuke, nikalala nimelikandamizia biblia na kamusi. Asubuhi lilikuwa vilevile.

Sasa kilichotokea ni hiki. Kila mshono ni kamba ndogo inayovuta. Sindano inashuka huku, inapanda kule, uzi unakazwa, na sehemu mbili za kitambaa zinasogeleana unywele mmoja. Mara moja haionekani. Mara elfu nane inaonekana. Tetroni ya shati inaweza kujitetea kiasi kwa sababu haivutiki, lakini sweta halina mfupa, linakwenda linakovutwa. Kazi ya stabilaiza, ambayo huku wote tunaiita karatasi tu, ni kuwa huo mfupa. Mishono inavuta karatasi, na karatasi inakataa. Gazeti haliwezi kukataa. Sindano ikilitoboa mara mia mahali pamoja linachanika kabla nembo haijafika nusu, na kuanzia hapo sweta linapigana peke yake. Tena wino wake unachafua uzi mweupe.

Karatasi zenyewe ziko za namna nyingi na wauzaji watakuchanganya kwa majina. Kwa kazi yako zijue tatu. Iko ya kuchana, ambayo ukimaliza unaing'oa kwa mkono. Hiyo ni ya tetroni, kaki, turubai, vitu ambavyo vyenyewe vimesimama. Iko ya kukata, laini kama kitambaa cha barakoa lakini ngumu kuchanika upande wowote. Hii unaikata kwa mkasi kuzunguka nembo, ukiacha kama nusu sentimita, na inabaki ndani ya nguo maisha yake yote. Wengi wanaona uvivu kuiacha, wanasema mteja atalalamika. Mteja wa sweta alalamike tu. Sweta linavutika siku ya kushonwa na litaendelea kuvutika kila likifuliwa na kila mtoto akilivua kwa kulivutia kichwani, kwa hiyo mfupa wake haupaswi kung'olewa. Kama kitu kinavutika, weka ya kukata. Fulana za kwaya pia ni hivyohivyo, na hapo ndipo mafundi wengi wa hapa mjini wanapoharibu, wanaweka ya kuchana kwa sababu ni rahisi kuondoa.

Ya tatu ni ile inayoyeyuka kwenye maji. Hiyo inakaa juu, siyo chini, ili herufi zisizame kwenye manyoya ya sweta au ya taulo. Inafanana na nailoni nyembamba. Kwa ukungu wa huko kwenu itunze kwenye chombo chenye mfuniko, la sivyo itavuta unyevu na kunata kama lambalamba.

Lakini karatasi nzuri yenye fremu mbaya ni kazi bure, na hapa naomba unisikilize kuliko kote. Wewe umezoea kutarizi kwa mkono, ambako tunavuta kitambaa kwenye fremu mpaka kilie kama ngoma. Kwenye mashine anayelia kama ngoma ni karatasi. Sweta liache limelala. Ukilivuta, linashonwa likiwa refu, halafu ukilitoa linarudi fupi, na mikunjo unaipata hata ungeweka karatasi tatu. Mimi nafanya hivi: nachora msalaba kwa chaki mahali pa nembo kabla sijagusa fremu. Nikishabana, natazama ile mistari miwili pamoja na mistari ya ufumaji inayoteremka. Ikiwa imepinda kama upinde, nafungua na kuanza upya. Siku hizi masweta mazito siyabani kabisa. Naibana karatasi peke yake, naipulizia gundi kidogo, nalilaza sweta juu kwa viganja, kisha naipa mashine ishone mishono mirefu ya kuzunguka ili lisitembee. Karatasi ipite ukingo wa fremu kila upande. Usiwe bahili wa sentimita mbili.

Kuna jambo jingine nimelishuku kwenye picha, ingawa hukuliandika. Ile nembo ulinunua ikiwa imechorwa kwa sentimita 12, wewe ukaipunguza hadi 8, sivyo? Ukibonyeza tu kitufe cha kupunguza, mashine nyingi zinabakiza idadi ileile ya mishono. Sasa piga hesabu: eneo limebaki chini ya nusu, mishono ni ileile. Kitambaa kinageuka bati. Kwa uzi wa kawaida wa unene namba 40, safu na safu za mishono ziachane kama milimita 0.4; zikibanana zaidi ya hapo hakuna karatasi itakayokuokoa. Mrudishie aliyekuchorea aipange upya kwa ukubwa huo, na umwambie ni ya sweta, ili aweke mishono myepesi ya msingi kwanza kabla ya ile ya kujaza. Akikuambia haina tofauti, tafuta mwingine.

Sindano pia badilisha, weka ya ukubwa wa 75/11 yenye ncha ya mviringo, inayosukuma nyuzi pembeni badala ya kuzitoboa. Na punguza mwendo. Mishono 600 kwa dakika inatosha. Hatukimbizani na mtu.

Haya, yale masweta matano yaliyokwisha kuharibika. Shona nembo tano nyingine juu ya kipande cha kaki ya rangi ileile ya sweta, chini yake karatasi ya kukata. Zungushia ukingo kwa mshono mnene, kata kwa mkasi mkali karibu na uzi bila kuugusa, kisha kiraka hicho ukishone juu ya nembo iliyokunjamana. Upana wake uzidi ile ya chini kwa nusu sentimita kila upande ili ufunike na makunyanzi. Lile langu la karatasi ya saruji niliokoa hivyo, na mwalimu mkuu alisema hilo ndilo zuri kuliko yote 30. Sikumjibu kitu.

Kesho alfajiri nitampa kondakta wa basi la Njombe kifurushi: mita mbili za karatasi ya kukata, kipande cha ile ya kuyeyuka ndani ya kopo la siagi, na sindano tano. Jaribu kwanza kwenye sweta kuukuu la Tumaini, siyo la mteja. Ukilitoa kwenye fremu, liache dakika chache juu ya meza ndipo unipigie picha, maana mikunjo mingine haiji papo hapo. Na nipigie ya nyuma.

Kopo nalitaka. Ukilirudisha na parachichi ndani sitakasirika.

Wako,
Mama Atupele