Barua ya wazi kwa Mwendesha Mashtaka Mkuu wa Ujerumani

YAH: HUJUMA DHIDI YA MABOMBA YA GESI YA NORD STREAM

Mheshimiwa Jens Rommel,

Mimi ni Mtanzania mkazi wa Hamburg, na ninakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa wale ambao barua hii inawasemea huulizana kwa lugha hii: ni nani aliyelipua mabomba ya Nord Stream? Kila nirudipo likizo Tanga hulikuta swali hilo barazani, na kila mzee ana jibu lake ambalo hayuko tayari kulibadilisha.

Yanayojulikana si haba. Tarehe 26 Septemba 2022, saa nane na dakika chache usiku, mlipuko ulipasua bomba kusini-mashariki mwa kisiwa cha Bornholm, Denmark. Saa kumi na saba baadaye ikafuata mingine kaskazini-mashariki mwake, na katika mabomba manne yaliyolazwa chini ya Bahari ya Baltiki kutoka Urusi hadi Ujerumani, matatu yakawa yameharibika. Siku hiyo hapakuwa na gesi iliyokuwa ikisafirishwa, maana Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali ya Urusi, ilikuwa imesitisha Nord Stream 1 mwishoni mwa Agosti, nayo Nord Stream 2 haikupata kamwe idhini ya kuanza kazi. Hata hivyo ndani yake mlikuwa na gesi, na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, lilikadiria baadaye kwamba tani zipatazo 465,000 za methani zilivujia hewani. Hewa hiyo ni yetu sote, na ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba hili ni shauri la Wazungu peke yao.

Kilichofuata ni tetesi juu ya tetesi, na kila mwamba ngoma akavutia kwake. Oktoba 2022 Wizara ya Ulinzi ya Urusi ililituhumu Jeshi la Majini la Uingereza. Wengi katika nchi za Magharibi waliinyooshea kidole Urusi yenyewe, pasipo kueleza vya kutosha kwa nini ivunje mali yake ambayo tayari ilikuwa imeifunga. Na Februari 2023 mwandishi wa habari Seymour Hersh akaandika kwamba waliohusika ni Marekani kwa msaada wa Norway, madai ambayo Ikulu ya Marekani iliyakanusha. Wazee wangu wanamkumbuka Rais Joe Biden, Februari 2022, akiwa pamoja na Kansela Olaf Scholz, akisema kwamba Urusi ikivamia Ukraine, Nord Stream 2 haitakuwepo tena. Kwao hukumu ilikwishatoka siku hiyo. Mimi huwaambia kwamba mtu kuwa na sababu ya kutenda si ushahidi kwamba ametenda, nao hunijibu: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Siwezi kuwalaumu sana. Sweden ilifunga uchunguzi wake Februari 2024, na mwezi huohuo Denmark ikafanya vivyo hivyo, ikikiri kuwa ilikuwa hujuma ya makusudi, lakini bila kumtaja mtu. Mwaka mmoja kabla, pendekezo la Urusi la kuunda uchunguzi wa kimataifa lilipata kura 3 tu katika Baraza la Usalama, wajumbe 12 wakijizuia kupiga kura. Niliumia kuona Msumbiji, jirani yetu mwenye gesi yake chini ya bahari ya Cabo Delgado, ikiwa miongoni mwa waliojizuia.

Sasa macho yote yako kwa ofisi yako, Mheshimiwa. Mmetueleza kuhusu Andromeda, boti ya matanga ya mita 15 iliyokodiwa Rostock, na mabaki ya vilipuzi yaliyopatikana ndani yake. Novemba 2025 Italia iliwakabidhi ninyi Wajerumani raia mmoja wa Ukraine aliyetuhumiwa kushiriki hujuma hiyo, mwezi mmoja baada ya mahakama ya Poland kukataa kumtoa mwingine, jaji akisema kwamba kulipua miundombinu ya adui katika vita vya haki si uhalifu. Serikali ya Ukraine inakana kuhusika. Basi tunataka kusikia mahakamani, milango ikiwa wazi, jinsi wazamiaji wachache walivyoweza kutega vilipuzi kwenye kina cha mita 80 wakitumia boti ya starehe, ni nani aliyewatuma na kuwalipa, na ni nini ambacho wachunguzi wa Sweden na Denmark walikiokota chini ya bahari. Oktoba 2022 serikali yenu ilikataa kuwajibu wabunge kwa kisingizio cha maslahi ya dola; nakuomba kisingizio hicho kisiingie katika kesi hii, hata kama jibu litamuaibisha mshirika wenu wa karibu kabisa.

Maelezo ya ushahidi yakishawekwa hadharani, niko tayari kuyatafsiri kwa Kiswahili na kuyapeleka Tanga mwenyewe.

Nasubiri majibu yako kwa heshima,

Mtanzania mkazi wa Hamburg