Barua kwa mwanangu anayehamishiwa Thessaloniki

Kavala, Ugiriki, Mei 2, 1936

Mwanangu,

Sisi hatujambo, ila goti la mama yako linamsumbua. Barua yako kwamba kikosi chenu kinahamishiwa Thessaloniki ilifika Alhamisi, siku ya pili ya mgomo wa wafanyakazi wa tumbaku wa huko. Siku hiyohiyo Bunge limeahirishwa hadi Septemba 30, nchi amebaki nayo waziri mkuu mpya, Metaxas.

Neno langu ni moja. Wakikupangeni barabarani mbele ya wagomaji, bunduki yako usiielekeze kwa mtu. Wale ni watu wa kazi yangu. Wanachambua majani yaleyale, vidole vyao vimeganda ulimbo mweusi kama hivi vinavyoshika kalamu. Wanadai ujira wa kutosha mkate, basi.

Utaniuliza tumefikaje hapa, na mimi ndiye niliyekuambia kura ya Januari 26 itamaliza kila kitu. Nilihesabu vibaya. Viti vya Bunge 300, chama chetu cha Waliberali wa Sofoulis kikapata 126, na ukijumlisha washirika wa kila upande, watu wetu na watu wa mfalme wakapishana kwa kiti kimoja au viwili. Wakomunisti, kwa viti 15 tu, wakawa ndio wa kubembelezwa na wote. Ulinieleza hayo mezani kabla ya kura, nami sikutaka kusikia. Kelele za jioni ile zilisikika hadi kwa jirani, na sahani ya bluu haikujivunja yenyewe. Mama yako ameigundisha.

Halafu vifo. Jenerali Kondylis, aliyemrudisha mfalme, alikufa kabla wiki haijaisha. Machi tukampoteza Venizelos, kiongozi wetu Waliberali, huko Paris, nami nililia kama siku tulipoiacha Smyrna. Aprili 13 akafa waziri mkuu Demertzis, na mfalme akampa uwaziri mkuu Metaxas, mwenye viti 7. Saba! Na wabunge niliowapigia kura wakainua mikono kumkubali. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kuliko hata kushindwa.

Kwa hiyo nakurudia: bunduki ielekee chini. Ukiamriwa, chelewa, jikwae, jifanye imekwama. Adhabu ya kambini huisha. Najua wewe ni mkaidi, nami nimekupigia sana ukaidi huo. Safari hii nakuomba uwe nao. Sajenti wenu alipoandika kwamba wewe ni mlenga shabaha bora wa kikosi, nilimsomea kila mtu ghalani barua ile. Tangu Alhamisi sijaitoa tena mfukoni.

Wala usijitie mbele kuhutubia wenzako. Tangu jaribio la mapinduzi la mwaka jana, jeshini wanachunguzana. Nyamaza tu, na usifyatue.

Dada yako amepata kazi ya kufunga marobota, ingawa huenda nasi tukagoma wiki ijayo. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja dhaifu, tunamnyonyesha kwa kitambaa. Paa bado linavuja pale juu ya kitanda chako, nitaliziba ukirudi unishikie ngazi.

Mzigo utaletewa na dereva wa lori la mkaa. Una zeituni, sabuni, na soksi jozi mbili. Ndani ya soksi ya kushoto ya kijivu mama yako ameshona noti ya drakma 50, kwa hiyo usiifue kabla ya kuifumua.

Baba yako