Mama yangu hakuulizwa

Ndugu Mhariri,

Nimenunua gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mara moja, lakini makala ya Jumapili iliyopita kuhusu tamthilia za uhalifu imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu amezisifu mwanzo hadi mwisho: zinafundisha sheria, zinaamsha raia, zinawapa kazi vijana wa hapa Mwanza wenye kamera. Kuhusu ndugu wa waliouawa hakuandika hata mstari mmoja. Mimi ni mmoja wao.

Mdogo wangu alikuwa akinunua dagaa visiwani na kuja kuuza Mwaloni, Kirumba. Waliomuua walitaka fedha za mzigo. Aliokotwa ufukweni siku ya pili, na sisi tuliomwosha tuliyaona majeraha yake, basi. Namna alivyokufa hakuna aliyeishuhudia, na mama alikuwa ameshaanza kuzoea kuishi bila kujua.

Mwaka jana kituo kimoja cha televisheni kikatengeneza kisa chake, na kesi bado iko mahakamani. Hawakubisha hodi kwetu. Mama alikuwa ndani ya meli akirudi Nansio, kisiwani Ukerewe, runinga imewashwa mbele ya abiria, mara akaona picha ya mwanawe, ile ile tuliyoitoa kwenye tangazo la msiba. Baada ya picha akatokea kijana mwenye shati la drafti anayeigiza kuwa ndiye yeye: anakunywa bia, anatongoza wanawake, anahesabu fedha hadharani. Mdogo wangu hakuwahi kugusa pombe. Kisha wakamuua. Wakamuua polepole, kwa muziki, kijana wa watu akipiga kelele “Mama! Mama!” mpaka sauti ikakatika. Meli iko katikati ya ziwa. Mama yangu, mtu wa miaka 71, angeteremkia wapi? Alipofika nyumbani hakula. Usiku akanipigia simu akaniuliza jambo moja tu: “Kumbe aliniita?” Nikamwambia, mama, yule ni mwigizaji, maneno yale yametungwa na mtu. Akanijibu, “Wameandika ni kisa cha kweli.” Na kweli waliandika hivyo, kwa herufi nyekundu. Tangu siku hiyo kila nikienda kumsalimu ananiuliza kama mwanawe aliita mara moja au mara nyingi. Mhariri, mtu alikaa mahali akatunga kilio, na kilio hicho ndicho mama yangu anacholala nacho na kuamka nacho. Mimi mwanawe mkubwa nimeshindwa kumtoa. Nimeapa, nimebembeleza, nimemletea hata mchungaji. Anatikisa kichwa tu, anarudi kuuliza.

Mwandishi wenu anasema ndivyo dunia nzima inavyofanya. Basi na wanaoumia wapo dunia nzima. Mwaka 2022 Netflix walitoa mfululizo kuhusu Jeffrey Dahmer, Mmarekani aliyeua wanaume na wavulana 17 kati ya 1978 na 1991. Dada wa mmoja wa marehemu hao alisimama mahakamani mwaka 1992 akamfokea muuaji kwa uchungu wake wote. Watengenezaji wakamtafuta mwigizaji, wakamvika nguo zinazofanana na zake, wakamsemesha maneno yale yale. Dada mwenyewe alisema hakuna aliyewasiliana naye. Mwaka uliofuata aliyeigiza Dahmer akapewa tuzo ya Golden Globe.

Sisemi vipindi vyote vifungiwe. Ujerumani wana kipindi cha Aktenzeichen XY tangu 1967. Kinaonyesha tukio, kisha kinaomba mwenye taarifa apige simu. Crimewatch ya BBC kule Uingereza ilifanya kazi hiyo tangu 1984 hadi 2017. Mtu akija kuniambia anataka kusaidia kumpata muuaji, mama yangu atamkaribisha uji. Kile cha kwetu hakikutoa hata namba moja ya simu. Kilipoisha likaja tangazo la sabuni.

Na maadamu nimeshika kalamu, niseme na hili. Tamthilia kama CSI ya Marekani, iliyoanza mwaka 2000, zimetuzoesha kwamba unywele mmoja ukipelekwa maabara, kabla ya tangazo la pili jibu limerudi na mtu kafungwa pingu. Majirani wananiuliza kwa nini kesi yetu haiishi, utadhani sisi ndio tumeikalia. Sheria ya vinasaba (DNA) nchini tunayo tangu 2009. Lakini mimi ninayekaa kwenye benchi la mahakama kila baada ya siku 14 ninachosikia ni kile kile: upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa. Nimekisikia kwa miezi 26. Nauli inakwenda, kazi inalala, na washtakiwa nao wako rumande. Kama kuna asiyehusika kati yao, naye anaozea humo huku runinga ikiwa imeshamhukumu. Nendeni mkakae kwenye benchi hilo nyie waandishi, muandike mnachokiona.

Ninachotaka ni hiki. Kabla kamera haijawashwa, waje watu wawili nyumbani kwa marehemu na hadithi yote ikiwa kwenye karatasi. Wakae mkekani. Waisome kwa sauti mbele ya mama au mjane, kwa Kikerewe kama ndicho anachokielewa, bila kuruka ukurasa. Walipotunga waseme hapa tumetunga, na siku ya kuonyesha paandikwe hivyo hivyo, kwa herufi nyekundu zile zile. Atakachokikataa kifutwe, kisha aweke dole gumba lake.

Wanaweza kuanzia kwetu. Mama huamka mapema kuanika dagaa, ikifika saa nne yuko barazani. Waje na kile kipande cha kelele, wakifute mbele yake, na yule aliyekitunga amwambie kwa mdomo wake kwamba alikitunga.

Kaka wa marehemu,
Nyakato, Mwanza