Nondo wetu wa rangi naye atetewe

Mhariri, salaam. Naomba nafasi nimsemee nondo, maana ukimtaja tu watu wanawaza kale kadude ka kahawia kanakogonga balbu usiku na dawa ya kupulizia inatafutwa hapo hapo. Sasa kuna huyu kitaalamu anaitwa Chrysiridia croesus, wa kwetu kabisa, yupo misitu ya pwani, Usambara mpaka Unguja na Kenya pia, anaruka mchana kweupe, mbawa nyeusi zenye kijani cha kung'aa, ukiigeuza bawa kidogo juani kile kijani kinahama kinakuwa dhahabu, kinakuwa shaba, jamani! Na hakuna rangi ya kupakwa pale, ni vigamba vidogo mno vilivyopangana vinachezea mwanga, ndio maana hata waliokaa makumbusho zaidi ya miaka 100 bado wanameremeta.

Ndugu yake wa Madagaska, Chrysiridia rhipheus, ndio maarufu dunia nzima. Dru Drury, mkusanyaji wa wadudu wa London, alimuandika mwaka 1773 akamuweka kundi la vipepeo, na baadaye Wazungu wakawa wanatengenezea mapambo mbawa zake. Wa kwetu hata Tanga wengi hawamjui.

Kinachoniuma ni hiki, viwavi wake hawali kitu kingine zaidi ya Omphalea, mmea wa ukoo mmoja na mhogo na mbarika, una sumu na viwavi wanaibeba ile sumu mwilini mpaka wanakuwa nondo kamili, kwa hiyo zile rangi ni onyo kwa ndege kwamba usinile. Sasa msitu ukifyekwa kwa ajili ya mkaa na huo mmea ukaisha, hawezi kuhamia kwenye mwembe wala mkorosho, ndio basi tena.

Wanaofuga vipepeo kule Amani, Usambara, wanalijua hili vizuri sana, na wenzao wa mradi wa Kipepeo, msitu wa Arabuko Sokoke kule Kenya, wapo kwenye kazi hiyo tangu 1993, kila aina ya kipepeo unamtafutia mmea wake kwanza ndipo atage. Sisi kila kampeni ya kupanda miti ni mikaratusi na misaji tu. Wenye vitalu vya miche na wasimamizi wa misitu waotesheni na Omphalea jamani, na gazeti lako Mhariri litoe picha yake kubwa, ya rangi, ukurasa mzima.

Msomaji wako, Muheza