Orodha ya safari ya Japani ianze na chakula, miji ifuate

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wasomaji wanaotamani kwenda Japani kwa ajili ya chakula na utamaduni wake. Orodha nyingi za matamanio zimeandikwa Tokyo, Kyoto, Osaka, basi. Hivyo ni vituo vya treni. Kule kila mkoa una chungu chake na kila chakula kina mwezi wake, na mikahawa mizuri hufunga mlango bila kujali kwamba mgeni katoka mbali.

Kila unachokitamani kiandikie mambo manne: chakula chenyewe, mji wake, mwezi wake, na siku au saa ambayo pamefungwa. Kazi hiyo haipotei bure. Mtanzania au Mkenya anayeomba viza ya matembezi hutakiwa kuwasilisha ubalozini ratiba ya siku kwa siku, yenye tarehe, shughuli na mahali pa kulala. Orodha iliyoandikwa hivi huhamia kwenye ratiba hiyo karibu kama ilivyo.

Mwezi utangulie tiketi. Kaa wa miguu mirefu wa Bahari ya Japani, waitwao zuwaigani, huanza kuvuliwa pwani ya mji wa Kanazawa tarehe 6 Novemba. Majike hukoma mwisho wa Desemba, madume mwezi Machi. Ukiingia soko la Omicho mjini humo mwezi Julai utauziwa wa barafu, wala usimlaumu muuzaji. Samaki sanma wa kuchoma mtafute Septemba na Oktoba, machipukizi ya mianzi Aprili. Maua ya cheri ya Tokyo huchanua mwishoni mwa Machi na kupukutika upesi, na majani ya Kyoto huwa mekundu nusu ya pili ya Novemba. Kwa hiyo anayetaka kaa na majani mekundu kwa safari moja, jibu lake ni hiyo nusu ya Novemba. Ila ajue kwamba tangu Machi 2024 hakuna tena treni ya moja kwa moja kutoka Kyoto hadi Kanazawa. Lazima ubadilishe treni kituo cha Tsuruga. Epuka kuanzia tarehe 29 Aprili hadi 5 Mei, katikati ya Agosti, na siku za mwaka mpya: Wajapani wenyewe husafiri, vyumba hupanda bei, na siku za mwaka mpya mikahawa mingi midogo hufungwa.

Baada ya mwezi, tazama saa. Udon, zile tambi nene za ngano, kwao ni mkoa wa Kagawa, kisiwa cha Shikoku. Kutoka Okayama unapanda treni ya Marine Liner, unavuka daraja la Seto, na baada ya saa moja hivi uko Takamatsu. Maduka mengi ya udon hufungua asubuhi na kufunga mapema mchana, au tambi zikiisha. Anayepanga kula udon usiku kapanga njaa. Katika maduka ya kujihudumia unachukua sinia, unataja idadi ya matonge (ichitama ni moja, nitama ni mawili, kwa tumbo la kawaida moja latosha), unaongeza vitu vya kukaanga upendavyo, unalipa, kisha mara nyingi unajimiminia mchuzi mwenyewe. Bakuli ni mia chache za yeni. Kwa mtu mwenye bajeti ndogo, siku mbili za Kagawa zina thamani kuliko mlo mmoja wa kifahari Tokyo. Ukiutaka huo mlo wa kifahari, ule mchana: jiko ni lile lile, bei ni pungufu sana, ila mikahawa mingi husimamisha huduma saa nane na kufungua tena saa kumi na moja jioni.

Waislamu wana kazi ya ziada, na hapa ndipo orodha nyingi huharibika. Kuuliza tu “ni halali?” hakutoshi, kwa sababu mhudumu anaweza kudhani unaulizia vipande vya nyama ya nguruwe peke yake. Supu ya rameni, tambi za supu, ya Hakata mjini Fukuoka ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa saa nyingi. Mirin, divai tamu ya mchele ya kupikia, inayotiwa kwenye mchuzi wa udon na wa mkunga, ina kilevi cha asilimia 14 hivi. Baadhi ya michuzi ya soya huongezewa kilevi ili isiharibike. Chapati nene ya kabichi, okonomiyaki, ya Osaka au ya Hiroshima, kwa kawaida hutiwa nguruwe. Ukiagiza ya ngisi, bado bamba la kukaangia ni hilo hilo. Beba kadi iliyoandikwa Kijapani: sili nguruwe, mafuta yake, pombe wala mirin. Pia weka orodhani Tokyo Camii, msikiti ulio karibu na kituo cha Yoyogi-Uehara, na msikiti wa Kobe wa mwaka 1935.

Chakula cha watawa wa Kibuda, shojin ryori, hakina nyama wala samaki, lakini mirin au sake (pombe ya mchele) yaweza kuwemo, hivyo ulizia unapoweka nafasi. Mahali pake ni mlima Koya, ulioanzishwa na mtawa Kukai mwaka 816. Kutoka Namba, Osaka, unapanda treni ya Nankai hadi Gokurakubashi, kisha kiberenge cha mlimani na basi. Mahekalu hulaza wageni, lakini chakula cha jioni huandaliwa mapema, mara nyingi saa kumi na moja na nusu au saa kumi na mbili. Ukichelewa hakuna mkahawa wa kukuokoa. Ibada huanza alfajiri.

Kuhusu nauli, pasi ya treni ya watalii ya nchi nzima (Japan Rail Pass) ya siku saba ilipanda Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Tokyo hadi Kyoto ni kama yeni 14,000, kwa hiyo kwenda na kurudi tu hakuilipi pasi. Piga hesabu ya nauli za orodha yako kwanza.

Usishangae kwenye mikahawa ya kahawa ya kizamani ukiona “Kilimanjaro” kati ya vinywaji: ni arabika ya Tanzania, hata iliyovunwa Mbeya.

Na wanaofungasha chakula cha njiani waache nyumbani soseji na nyama kavu. Wakaguzi wa karantini ya wanyama wa Japani huvizuia uwanja wa ndege, hata vikiwa kidogo vya kula mwenyewe.

Msomaji wako,
Tanga